Tambi za Pakiti na Maandishi Yake

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni mali ya soko la zamani, ambako mnunuzi alilitwaa embe mkononi, akalinusa, akalibonyeza kwa kidole, kisha akamwuliza mwuzaji lilichumwa lini na wapi. Ndani ya supamaketi mambo si hivyo. Huko kizuri na kibaya vimevikwa karatasi zing'aazo, vimepangwa bega kwa bega, na vyote viwili vyajitembeza. Mfano ulio wazi wa hali hiyo ni tambi za pakiti, zile ziivazo kwa dakika mbili tatu, ambazo leo huuzwa katika maduka makubwa ya miji yetu na hata katika vibanda vya kando ya barabara.

Katika makala hii nakusudia kueleza kwa ufupi chakula hiki kilitoka wapi, kwa nini kiliumbwa kama kilivyoumbwa, na jinsi historia hiyo iwezavyo kumsaidia mnunuzi kuchagua pakiti iliyo afadhali kwa afya yake. Hoja yangu ni moja: kila kitu kitiliwacho shaka ndani ya pakiti hiyo, yaani mafuta, chumvi na unga mweupe, kiliingia humo kwa sababu maalumu; na aijuaye sababu hujua pia mahali pa kutazama.

Asili ya tambi

Neno tambi si geni katika lugha yetu. Watu wa pwani hupika tambi nyembamba kwa sukari, iliki na zabibu, pengine na tui la nazi, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Na vyakula vilivyo jamaa na hicho vyaonekana Bara Hindi na katika nchi za Waarabu. Aidha, msomaji atakumbuka kwamba tambi ni wingi wa utambi, ule uzi wa taa, na mwenye kuulinganisha uzi huo na kilichomo sahanini hatakosa kuuona mfanano wao.

Chakula chenyewe ni kikongwe mno. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza habari za bakuli lililofukuliwa mahali paitwapo Lajia, katika bonde la mto Huang He nchini China. Bakuli hilo lilikuwa limepinduka, na chini yake mlikuwa na tambi zenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Upande wa magharibi, mwaka 1154, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake katika ufalme wa Sicily, alieleza kwamba mji wa Trabia ulitengeneza tambi kwa wingi na kuzipeleka kwa merikebu hadi nchi za Waislamu na nchi za Wakristo. Kwa hiyo ile hadithi isimuliwayo mara nyingi, ya kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Italia kutoka China, haisimami. Maana Marco Polo alirejea Venice mwaka 1295, miaka zaidi ya 140 baada ya al-Idrisi kuandika.

Habari hizo za Sicily zatufundisha jambo moja la kukumbuka tutakapofika dukani. Tambi zilizosafirishwa kwa merikebu zilihifadhika kwa kukaushwa tu. Hazikuhitaji kukaangwa, wala kufungwa pamoja na unga wa mchuzi. Tambi za Kitaliano tuzinunuazo leo bado zafuata njia hiyohiyo ya kukausha, na ndiyo sababu mara nyingi orodha ya viambato vyake haizidi maneno mawili: unga wa ngano na maji.

Njaa ya Osaka

Tambi za pakiti zina historia nyingine kabisa. Ni watoto wa njaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imechakaa na watu wake hawakuwa na chakula cha kutosha. Marekani ilipeleka unga wa ngano kwa wingi, na serikali ya Japani ikawahimiza wananchi kula mkate. Mfanyabiashara mmoja jijini Osaka, Momofuku Ando, aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910, hakuridhika. Aliwahi kuona msururu mrefu wa watu wakingoja katika baridi wapate bakuli moja la tambi kwenye kibanda, akajiuliza kwa nini unga huo usifanywe chakula walichokizoea wananchi wenyewe.

Mwaka 1957 chama cha mikopo alichokiongoza kilianguka, na Ando akapoteza karibu mali yake yote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba. Akajenga banda nyuma ya nyumba yake katika mji wa Ikeda, akaanza majaribio. Alijiwekea masharti kwamba chakula hicho kiwe kitamu, kisioze upesi, kipikike bila taabu, kiwe na bei nafuu, na kiwe salama. Sharti lililomsumbua zaidi ni la kuzikausha tambi kwa namna ambayo zingeweza kulainika tena kwa dakika chache tu. Inasimuliwa kwamba alipata jibu alipomtazama mkewe akikaanga chakula kiitwacho tempura. Tambi mbichi zilizokwisha kupikwa kwa mvuke zikitiwa katika mafuta ya moto, maji yaliyomo hutoka kwa nguvu, yakaacha vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Baadaye maji yachemkayo huingia katika vitundu hivyo, na tambi zikalainika mara moja.

Tarehe 25 Agosti 1958 tambi hizo ziliingia sokoni kwa jina la Chicken Ramen. Pakiti moja iliuzwa kwa yeni 35, hali tambi mbichi za kawaida ziliuzwa kwa yeni 6 tu. Basi chakula ambacho leo twakihesabu kuwa cha mtu asiye na kitu kilianza kama anasa ndogo ya mjini. Bei ilishuka kadiri viwanda vilivyoongezeka.

Hapa ndipo tunapokutana na asili ya mafuta. Mafuta katika pakiti hayakutiwa kwa ajili ya ladha pekee. Ndiyo yaliyonunua wepesi wa kupika. Vile vitundu vilivyoachwa na maji hubaki na mafuta, na kwa kawaida tambi zilizokaangwa huwa na mafuta ya gramu 15 hadi 20 katika kila gramu 100. Tambi zilizokaushwa kwa hewa ya moto huwa na mafuta machache sana kuliko hizo, ila huchukua dakika zaidi motoni. Mwenye kununua dakika tatu hulipa kwa mafuta.

Yafaa tuongeze neno juu ya mafuta yenyewe, kwa kuwa yanatuhusu. Viwanda vingi hutumia mawese, kwa sababu bei yake ni nafuu na hayaharibiki upesi. Mchikichi ni mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki yakatokana kwa sehemu kubwa na uzao wa miti hiyo. Hivyo mkazi wa ukingo wa Ziwa Tanganyika, ambaye mababu zake walikamua mawese, anaponunua pakiti ya tambi kutoka Indonesia hununua pia uzao wa mti wa bara lake, uliozunguka dunia. Lakini yapasa kujua kwamba karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina ya kuganda, ambayo yakizidi mwilini huudhuru moyo na mishipa ya damu.

Chumvi na kifuko chake

Katika tambi za kwanza za Ando ladha ya mchuzi ilikuwa imetiwa ndani ya tambi zenyewe. Mlaji alimimina maji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa Japani walianza kuweka unga wa mchuzi katika kifuko cha peke yake. Badiliko hilo lilikusudiwa kuboresha ladha, ila bila kukusudia lilimpa mlaji uhuru mkubwa. Sehemu kubwa ya chumvi ya tambi za pakiti imo ndani ya kifuko hicho, na mwenye kutia nusu yake hupunguza chumvi kwa kiasi kikubwa bila kutumia senti moja.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani miligramu 2,000 za sodiamu. Tuchukue mfano wa kubuni. Pakiti ina uzito wa gramu 80, nayo imeandikwa kwamba katika gramu 100 mna sodiamu miligramu 2,000. Basi pakiti nzima ina miligramu 1,600. Ili kupata chumvi, twazidisha sodiamu kwa mbili na nusu: jibu ni miligramu 4,000, au gramu 4. Mlaji wa pakiti moja ya namna hiyo amekwisha kula sehemu nne kwa tano za chumvi yake ya siku nzima, naye bado hajala chakula cha jioni. Shinikizo la damu halipigi hodi; huingia polepole kwa mazoea kama haya.

Kuna kiungo kingine kinachozungumzwa mno, nacho ni monosodiamu glutameti. Mwanakemia Mjapani, Kikunae Ikeda, alikigundua mwaka 1908 alipochunguza utamu wa mchuzi wa mwani. Mwaka 1968 barua moja iliyochapishwa katika jarida la madaktari la Marekani ilizusha hofu kwamba kiungo hiki huleta maumivu ya kichwa na unyonge. Majaribio ya baadaye hayakuithibitisha hofu hiyo kwa kiasi kinachotumiwa katika vyakula vya kawaida. Kwa hiyo mnunuzi anayekiogopa kiungo hiki huku akiisahau chumvi amemkimbia panya akamkumbatia chui. Pakiti yaweza kutangaza kwa herufi kubwa kuwa haina kiungo hicho, na bado ikajaa chumvi tele.

Duka lisilo na mwuzaji

Tambi za pakiti zisingeenea kama zilivyoenea lau namna ya kununua isingebadilika. Hadi mwanzo wa karne ya 20, mnunuzi alisimama mbele ya meza ya duka, akataja haja yake, na mwenye duka akamletea. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, ambamo wanunuzi walipita wenyewe kati ya rafu wakijitwalia vitu. Toka hapo mwenye duka alinyamaza, na pakiti ikaanza kusema. Rangi, picha na herufi zikashika nafasi ya ulimi wa mwuzaji.

Tambi zilifaa sana kwa duka la namna hiyo. Mwaka 1966 Ando alipokuwa Marekani aliwaona watu wakizivunja tambi zake, wakazitia katika vikombe vya karatasi na kuzila kwa uma. Kutokana na hayo alitoa Cup Noodles mwaka 1971, tambi zenye bakuli lake. Mwaka 1972 jina la Indomie lilianza kuuzwa nchini Indonesia, na mwaka 1988 likaingia Nigeria, ambako limekuwa kama jina la tambi zote za pakiti. Ando alifariki mwaka 2007. Kwa hesabu za chama cha dunia cha watengenezaji wa tambi hizi, mwaka 2023 walimwengu walikula pakiti na vikombe vipatavyo bilioni 120.

Kwa kuwa pakiti ndiyo isemayo, ilibidi iwekewe sheria isiseme uongo. Mwaka 1963 Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani yalianzisha tume iitwayo Codex Alimentarius. Mwaka 1985 tume hiyo ilitoa kanuni ya jumla ya maandishi ya vyakula vilivyofungwa, ambayo ndani yake mna sharti muhimu kuliko mengi: viambato vyatakiwa kuorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mwaka 2006 ikatoa kanuni maalumu ya tambi za kupikwa upesi. Chile ilikwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 2016 vyakula vilivyozidi kiasi cha chumvi, sukari au mafuta ya kuganda hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane, ili hata asiyejua hesabu aonywe.

Sheria bila wasimamizi ni maneno matupu, na mfano wa India wafaa kukumbukwa. Mwezi wa Juni 2015 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo iliamuru tambi za Maggi ziondolewe madukani, ikidai kwamba zimeonekana kuwa na risasi kupita kiasi na kwamba maandishi ya pakiti kuhusu monosodiamu glutameti yalipotosha. Kampuni ilikana. Mwezi wa Agosti mahakama kuu ya Bombay ilitengua amri hiyo na kuagiza vipimo vipya; tambi zikapita vipimo hivyo na kurudi sokoni mwezi wa Novemba. Pande zote mbili zilikuwa na la kujifunza: kwamba neno moja juu ya pakiti laweza kufikishwa mahakamani, na kwamba shutuma yataka vipimo vilivyofanywa barabara.

Kuisoma pakiti

Sasa tunaweza kukusanya mafundisho ya historia hii na kuyapeleka dukani.

Kwanza, geuza pakiti. Uso wake ni wa mwuzaji. Mgongo wake ni wa mnunuzi. Picha ya kuku, yai na majani mabichi si ushahidi wa kuwamo kwa vitu hivyo.

Pili, soma kiambato cha kwanza. Kikiwa ni unga wa ngano bila maelezo zaidi, kwa kawaida ni unga mweupe uliokobolewa, wenye wanga mwingi na nyuzinyuzi chache. Unga wa nafaka nzima ni bora, mradi uwe wa kwanza katika orodha, usiwe umetajwa mwishoni kwa ajili ya kupamba.

Tatu, tafuta kama tambi zimekaangwa au zimekaushwa kwa hewa. Kama neno hilo halikuandikwa, tazama mafuta: kiasi kinachokaribia gramu 20 kwa gramu 100 chatoboa siri.

Nne, tazama sodiamu, ukaizidishe kama tulivyofanya hapo juu. Angalia pia hesabu ni ya kipimo gani. Pakiti nyingine hutoa hesabu ya nusu ya pakiti, hali hakuna alaye nusu. Nyingine hutoa hesabu baada ya kutiwa maji, na maji huzifanya namba zote zionekane ndogo. Ukilinganisha pakiti mbili, linganisha gramu 100 kavu kwa gramu 100 kavu.

Tano, fikiri juu ya kinachokosekana. Hata tambi zilizo bora si mlo kamili. Yai, maharagwe au karanga zitaongeza protini. Na majani yaitwayo mchicha Tanzania, dodo Uganda na lengalenga Kongo yataongeza yale ambayo kiwanda kiliyaacha.

Sisemi kwamba tambi za pakiti ni sumu. Zilibuniwa ili watu washibe, na zimewashibisha wengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 juu ya watu wazima wa Korea Kusini uliona kwamba wanawake waliozila mara mbili au zaidi kwa juma walikuwa na dalili zaidi za maradhi ya moyo na kisukari. Ila uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Lililo wazi ni kwamba chakula cha dharura kikigeuzwa kuwa chakula cha kila siku hubadili tabia yake.

Kazi ya mwalimu

Huenda msomaji akauliza: haya yamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Jibu ni kwamba tatizo hili, kwa sehemu yake kubwa, ni tatizo la kusoma. Kijana anunuaye tambi kwa fedha yake ya kwanza hukutana na maandishi madogo, mara nyingi kwa lugha ya kigeni, yaliyojaa istilahi ambazo hakufundishwa. Sheria imemlinda kwa maneno. Lakini neno lisiloeleweka halimlindi mtu.

Lugha yetu imepanda daraja katika nchi hizi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likaamua vivyo hivyo. Ni vyema. Lakini lugha iliyo rasmi katika katiba na bubu katika chakula bado haijamfikia mwananchi. Viambato, wanga, protini, nyuzinyuzi, mafuta ya kuganda, sodiamu: maneno haya yapo, yatumike. Pakiti tupu iliyooshwa yaweza kuwa kitabu cha somo moja zima, cha kusoma, kutafsiri, kuhesabu na kujadili, nacho hakimgharimu mwalimu chochote.

Asiyejua maana haambiwi maana, wasema wahenga. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi akisimama mbele ya rafu ile, ambako hakuna mwuzaji wa kumwuliza, maana hiyo anayo tayari.